KARAMU YA FARANGA 15: Chakula cha Kigiriki cha Bibi Vigée Le Brun (Paris, 1788) na Safari ya Uvumi

0. Utangulizi

Wahenga walisema: lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Mara nyingi methali hii hutumiwa kumwonya mtu anayedharau maneno ya watu. Ina nusu mbili, na kila nusu hudai jambo lake. Ya kwanza inahukumu kwamba uvumi hauzuki pasipo kiini cha kweli. Ya pili inatabiri kwamba hata uvumi usio na kiini unaweza kuzaa jambo. Makala haya yanakusudia kuipima methali hiyo kwa tukio moja dogo la historia ya Ufaransa, yaani chakula cha usiku ambacho mchoraji Élisabeth Vigée Le Brun aliwaandalia marafiki zake nyumbani kwake, Paris, mwaka wa 1788, kwa kufuata mtindo wa Wagiriki wa kale.

Kuwakaribisha wageni katika meza iliyopambwa kwa vyombo vya enzi iliyopita, huku wenyewe wamevaa mavazi ya enzi hiyo, ni mchezo unaopendwa leo katika miji mingi ya dunia. Wengi hudhani kuwa ni mchezo wa siku hizi. Mfano wa Bibi Vigée Le Brun waonyesha kuwa ulikuwapo zaidi ya karne mbili zilizopita, na kwamba haukuwa mchezo mtupu. Chakula chenyewe, kwa maelezo ya mwenyeji, kiligharimu faranga 15 hivi. Katika muda wa miaka michache bei hiyo ilifika faranga 80,000 midomoni mwa watu. Swali linalofaa kuulizwa, basi, si kama watu walikosea hesabu. Yafaa kuuliza kwa nini walikuwa tayari kuamini.

Habari za jioni hiyo zatoka katika Kumbukumbu za mchoraji mwenyewe, zilizochapishwa kati ya 1835 na 1837, alipokuwa na umri wa miaka 80 hivi. Tangu karamu ifanyike ilikuwa imepita karibu miaka 50. Shahidi huyu, kwa hiyo, anasema juu ya kesi yake mwenyewe, na anasema akiwa mzee. Jambo hilo halimfanyi mwongo, lakini lamtaka msomaji atofautishe mambo aliyoyatenda, mambo aliyoyasikia, na namna alivyopenda kukumbukwa.

1. Mwenyeji na sifa zake

Élisabeth Vigée alizaliwa Paris tarehe 16 Aprili 1755. Baba yake, Louis Vigée, alikuwa mchoraji wa picha za watu, naye alifariki binti yake akiwa na miaka 12. Binti huyo akaanza kujipatia riziki kwa kuchora akiwa bado kijana sana. Mwaka wa 1776 aliolewa na Jean-Baptiste-Pierre Le Brun, mchoraji aliyefanya pia biashara ya picha. Mwaka wa 1778 aliitwa Versailles kumchora Malkia Marie-Antoinette, na tangu hapo jina lake halikutengana tena na jina la malkia. Tarehe 31 Mei 1783 alipokewa katika Akademia ya Kifalme ya Uchoraji na Uchongaji, ambayo haikuwapa wanawake ila nafasi chache mno.

Heshima hiyo ilikuja pamoja na masengenyo. Katika maonyesho ya mwaka huo huo wa 1783 alitundika picha ya malkia aliyevaa gauni jeupe la melimeli, lisilo na hariri wala vito. Watazamaji walikasirika. Wengine walisema malkia amechorwa akiwa na nguo za ndani; wengine wakadai kwamba kwa kuiacha hariri alikuwa akiwafilisi wafumaji wa Lyon. Ikabidi picha iondolewe na kubadilishwa kwa nyingine, ambamo malkia alivaa hariri. Hapa tayari pana jambo la kukumbukwa: vazi rahisi lilihesabiwa kuwa kosa la anasa. Mtu ambaye watu wameshaamini kwamba anafuja mali hawezi kujitetea hata kwa urahisi wa nguo yake.

Mwaka wa 1785 alionyesha picha ya Calonne, mkuu wa hazina ya mfalme. Uvumi ukaenea kwamba alikuwa hawara wake, na kwamba alilipwa kwa peremende zilizoviringishwa katika noti za benki. Nyumba ambayo Le Brun na mkewe walikuwa wakiijenga katika mtaa wa Gros-Chenet ilisemekana kuwa imejengwa kwa fedha za hazina. Mwenyewe anaeleza kwamba picha ile ililipwa faranga 4,000, zilizotiwa katika kisanduku cha thamani ya louis 20.

Wakati huo familia ilikaa katika mtaa wa Cléry. Jioni watu wa jumba la kifalme, waandishi na wanamuziki walifika kwake kusikiliza nyimbo na mashairi. Chumba kilikuwa kidogo, na viti havikutosha. Mwenyeji anakumbuka jinsi majemadari wa Ufaransa walivyoketi sakafuni, na jinsi mmoja wao, mzee na mnene, alivyopata taabu kuinuka. Watu wa nje, wasioingia humo, waliona tu magari ya farasi yenye nembo za wakuu yakisimama mlangoni.

2. Jioni yenyewe

Siku ya karamu alikuwa amewaalika watu 12 hadi 15 wamsikilize mshairi Écouchard Lebrun, ambaye marafiki zake walimpa lakabu ya Pindaro kwa kumfananisha na mshairi wa Kigiriki. Alasiri, mwenyeji alipokuwa akipumzika, ndugu yake alimsomea kurasa za kitabu kuhusu Anacharsis. Kitabu hicho cha padri Jean-Jacques Barthélemy kilitoka mwaka huo wa 1788 baada ya kazi ya miaka 30 hivi. Chasimulia safari ya kijana wa Skithia katika Ugiriki ya karne ya 4 kabla ya Kristo, na ndani yake mna maelezo ya karamu pamoja na namna ya kutengeneza michuzi kadhaa. Ndugu yake alipendekeza michuzi hiyo ionjwe usiku ule ule. Mpishi akaitwa, akaelezwa vizuri. Wakakubaliana kwamba atatengeneza mchuzi mmoja wa kuku mnono, na mwingine wa mkunga, yule samaki mrefu kama nyoka.

Kutoka mchuzi wazo likakua. Mwenyeji aliwatazamia wanawake wazuri wa sura, naye alijua kwamba wageni wawili, Bwana de Vaudreuil na Bwana Boutin, hawangefika kabla ya saa nne usiku. Akaazimia kuwashangaza kwa kuwavika wageni wote mavazi ya Kigiriki. Vitambaa havikununuliwa, kwa maana chumba chake cha kuchorea kilijaa vile alivyozoea kuwavika watu aliowachora. Vyombo navyo vilipatikana kwa jirani. Bwana de Parois, mpangaji katika nyumba ile ile, alikuwa na mkusanyo mzuri wa vyombo vya kale vilivyoitwa vya Etruria. Alipopita saa kumi alasiri akaambiwa shauri hilo, akaleta vikombe na mitungi kwa wingi. Mwenyeji akachagua, akavisafisha kwa mikono yake mwenyewe, akavipanga juu ya meza ya mbao za akaju bila kutandika kitambaa. Nyuma ya viti akasimamisha kiwambo kikubwa, akakifunika kwa nguo iliyofungwa huku na huku kama inavyoonekana katika picha za Poussin. Taa moja ilining'inizwa ili imulike meza.

Wageni wakaanza kuingia. Wa kwanza alikuwa Bibi Chalgrin, binti wa mchoraji Joseph Vernet; akasukwa na kuvikwa papo hapo. Wakafuata Bibi de Bonneuil na wifi wa mwenyeji, na wote watatu wakageuka wanawake wa Athene. Lebrun alipoingia aliondolewa poda ya nywele, akafumuliwa vishungi vya kando, akavikwa taji la majani lililokuwa limetumika katika picha ya mwana mmoja wa kifalme wa Poland. Joho la zambarau la Bwana de Parois likamtosha kuwa mshairi wa kale. Bwana de Cubières alivikwa huku watumishi wamekwenda kwake kumletea gitaa lililotengenezwa kwa umbo la kinubi na kupakwa rangi ya dhahabu. Ginguené, mtu wa fasihi, na Chaudet, mchongaji wa sanamu, nao wakavikwa. Mwenyeji hakuwa na muda wa kujipamba. Kwa kuwa alizoea kuvaa magauni meupe yaliyofanana na kanzu, alijifunika shela na kuvaa taji la maua. Binti yake mdogo pamoja na binti wa Bibi de Bonneuil walibeba mitungi miepesi ili wawamiminie wageni divai.

Saa tatu na nusu usiku kila kitu kilikuwa tayari. Mandhari ya meza hiyo yalikuwa mageni kiasi kwamba wageni waliinuka mmoja mmoja kwenda kuwatazama wenzao walioketi. Saa nne gari la farasi likasikika uani. Milango miwili ya chumba cha kulia ikafunguliwa wazi, na wale wawili wakawakuta wenzao wakiimba kibwagizo cha Gluck, huku Cubières akikipigia kinubi chake. Walisimama muda mrefu kabla ya kukubali kuketi.

Chakula kilikuwa kuku, mkunga, sahani mbili za mboga, na keki ya asali na zabibu kavu za Korintho. Divai ilikuwa chupa moja kuukuu ya Kupro, ambayo mwenyeji alikuwa amepewa zawadi. Walikaa mezani hadi usiku mwingi, Lebrun akiwasomea tafsiri zake za Anakreoni.

3. Kipi kilikuwa cha kale?

Mtu akiitazama meza hiyo kwa jicho la mwanahistoria, ataona kwamba Ugiriki yake ilikuwa ya kuazima, na kwamba sehemu kubwa haikuwa Ugiriki. Katika karamu za Athene wanaume walijinyosha ubavu juu ya vitanda, na wake wa watu wenye heshima hawakuketi pamoja nao. Mtaani Cléry wageni walikaa vitini, na wanawake ndio walioongoza. Wagiriki walichanganya divai na maji katika chungu kikubwa. Hapa mabinti wawili waliimimina kutoka mitungi. Kibwagizo kilichoimbwa kilitoka katika opera ya Écho et Narcisse, iliyochezwa Paris kwa mara ya kwanza mwaka wa 1779. Mashairi ya Anakreoni yaliyopendwa na karne hiyo yalikuwa kwa sehemu kubwa maigizo yaliyotungwa na watu wa baadaye, yakachapishwa Paris na Henri Estienne mwaka wa 1554. Hata mbao za meza zilikuwa na historia nyingine: akaju iliyopendwa na mafundi wa Paris ilitoka visiwa vya Antili, katika makoloni yaliyoendeshwa kwa jasho la watumwa Waafrika.

Kinyume chake, vitu vilivyoitwa kwa jina lisilo la Ugiriki vingeweza kuwa vya Kigiriki kweli. Vyombo vya udongo vilivyopewa jina la Etruria viliitwa hivyo kwa sababu vilifukuliwa katika makaburi ya Italia. Utafiti wa baadaye ulithibitisha kwamba vingi vyao vilitengenezwa Ugiriki, hasa Athene, vikauzwa ng'ambo.

Makosa hayo si aibu. Mchezo wa kuigiza ukale hauwaiti wafu warudi. Huwapa walio hai namna ya kusema wanalotaka kuwa. Tangu kuanza kufukuliwa kwa Herculaneum mwaka wa 1738 na Pompeii mwaka wa 1748, wasomi wa Ulaya walikuwa wameugeuza ukale kuwa kipimo cha uzuri usio na mapambo mengi. David aliionyesha Paris picha yake ya Kiapo cha Horatii mwaka wa 1785, na humo ukale ulisema habari za wajibu, ukali na kujinyima. Meza isiyo na kitambaa, gauni jeupe, nywele zisizo na poda: kwa Bibi Vigée Le Brun vyote hivi vilikuwa ishara za urahisi. Karamu yake ilikuwa rahisi kwa bei na rahisi kwa maana. Hata hivyo ilisomwa na watu kinyume kabisa.

4. Kutoka 15 hadi 80,000

Uvumi ulianza kwa sifa. Vaudreuil na Boutin walifurahi mno, hata kesho yake wakawasimulia watu wote waliowafahamu. Wanawake kadhaa wa jumba la kifalme wakaomba mchezo urudiwe ili nao waushuhudie. Mwenyeji alikataa, na baadhi yao wakaumia. Yafaa kuzingatia mpango huo: sifa, ombi, katazo, kinyongo. Aliyekaa mezani alikijua chakula kilivyokuwa. Aliyenyimwa nafasi hakubaki ila na masimulizi ya mavazi ya zambarau, kinubi cha dhahabu na vyombo vya miaka elfu mbili. Mtu akiombwa kukadiria bei ya vitu hivyo bila kuviona, hawezi kufikiria faranga 15.

Kwanza ilisemwa faranga 20,000. Neno hilo lilifika masikioni mwa mfalme, naye akalizungumza kwa hasira na Cubières. Kwa bahati njema Cubières alikuwa miongoni mwa waliokula, akamweleza mfalme upuuzi wa habari hiyo. Lakini kumsadikisha mfalme hakukutosha kuuzima uvumi. Bibi Vigée Le Brun alipofika Roma, mwishoni mwa 1789, bei ilikuwa 40,000. Alipokaa Vienna, kati ya 1792 na 1795, mke wa mtu mkubwa wa Urusi alimwarifu kwamba alitumia 60,000. Huko Saint Petersburg, alikokaa tangu 1795, hesabu ilitulia kwenye 80,000. Habari ilimtangulia katika kila mji, na kila mara ilimngoja ikiwa imenenepa.

Waswahili husema habari ya uongo ina ncha saba. Hii ilikuwa na ncha nne, na mpangilio wake wastahili kuangaliwa: 20, 40, 60, 80. Uvumi wa kawaida haupandi ngazi kwa vipimo vinavyolingana namna hiyo. Inaelekea kwamba bibi mzee, alipokuwa akiandika, aliipanga hadithi yake jinsi msimulizi hodari anavyopanga, ili pigo la mwisho, zile faranga 15, lipate nguvu. Basi hata utetezi dhidi ya uvumi umejengwa kwa ufundi wa masimulizi ya mdomo. Jambo hilo halibatilishi ushahidi wake. Laonyesha tu kwamba namba katika masimulizi hufanya kazi mbili: huhesabu, na pia husisitiza.

5. Hesabu ya mkate

Ingekuwa rahisi kumalizia hapo kwa kuwahurumia wanaosingiziwa. Lakini kuna hesabu ya pili ambayo Kumbukumbu haziifanyi. Faranga, iliyokuwa jina jingine la livre, ilikuwa na sou 20. Faranga 15 zilikuwa, kwa hiyo, sou 300. Kibarua wa Paris alipata sou 20 hadi 30 kwa siku. Chakula kile kidogo kilikuwa sawa na ujira wake wa siku 10 hadi 15. Katika majira ya joto ya 1788 mvua ya mawe na ukame viliharibu mavuno, na mwanzoni mwa 1789 mkate wa ratili nne, uliozoea kuuzwa kwa sou 8 au 9, ulifika sou 14 na nusu. Kwa bei hiyo, faranga 15 zingenunua mikate 20. Na katika faranga hizo hamkuhesabiwa mpishi, wala watumishi waliotumwa kuchukua kinubi, wala vyombo vya jirani, wala divai ya zawadi. Mwenye marafiki matajiri hula kwa bei nafuu.

Kwa upande mwingine, faranga 20,000 zilikuwa ujira wa kibarua huyo kwa siku zipatazo 13,000 hadi 20,000, yaani miaka 36 hadi 55 ya kazi bila siku moja ya kupumzika. Kati ya hesabu hizi mbili kuna tofauti kubwa, na haki yamtaka mwanahistoria aitaje. Mwenyeji alisingiziwa, hilo ni kweli. Hata hivyo, karamu yake ya kweli nayo ilikuwa mbali na mkono wa mtu aliyepanga foleni ya mkate. Hilo pia ni kweli.

Zaidi ya hayo, watu wa wakati huo walikuwa na sababu ya kutoamini hesabu za wakubwa. Mwaka wa 1781 Necker alichapisha taarifa ya mapato na matumizi ya mfalme, ambayo haikuwahi kutolewa hadharani kabla ya hapo. Ilidai kuwapo kwa ziada ya livre milioni 10 hivi. Miaka michache baadaye, mnamo Februari 1787, Calonne aliwakusanya wakuu wa nchi, ikajulikana kwamba hazina ilikuwa na nakisi iliyokadiriwa kupita livre milioni 100 kwa mwaka. Kati ya taarifa hizo mbili lilitokea shauri la mkufu wa almasi, la 1785 na 1786, lililohusu kito cha livre 1,600,000. Malkia hakuuagiza mkufu huo, lakini watu wengi hawakusadiki. Ikiwa taarifa rasmi yenyewe ilikuwa imewadanganya kwa mamilioni, nani angeona ajabu kusikia kwamba mchoraji wa malkia alikula 20,000 kwa usiku mmoja? Pale ambapo daftari limefungwa, raia huandika daftari lake mwenyewe, na hana kalamu ila ulimi. Hesabu yake ilikosea juu ya meza ya mtaa wa Cléry, lakini ilielekea ukweli kuhusu hazina ya Versailles.

6. Baada ya karamu

Nusu ya pili ya methali haikukawia. Mwaka wa 1789 watu walitupa kiberiti katika madirisha ya ghala za chini za nyumba mpya ya mtaa wa Gros-Chenet, na wapita njia walimkunjia mwenyeji ngumi alipoonekana dirishani. Usiku wa tarehe 5 kuamkia 6 Oktoba 1789, umati wa watu ulipokuwa Versailles kumleta mfalme Paris, Bibi Vigée Le Brun alipanda gari la abiria kwenda Lyon pamoja na binti yake na mlezi wa mtoto, akiwa amevaa nguo za mwanamke wa kazi. Mtu aliyewavika wenzake mavazi ya Athene kwa mchezo sasa alivaa mavazi ya maskini ili aokoe maisha. Alikaa uhamishoni miaka 12, wala hakurudi Paris kabla ya 1802.

Walioketi mezani walitawanyika. Vaudreuil alikimbia nchi mwaka wa 1789. Lebrun, aliyekuwa Pindaro wa karamu, aligeuka mshairi wa Mapinduzi. Ginguené alifungwa gerezani wakati wa Ugaidi, akaokoka, akashika kazi kubwa ya elimu. Chaudet alikuja kuichonga sanamu ya Napoleon aliyevikwa kama kaisari wa Roma, ile iliyowekwa mwaka wa 1810 juu ya mnara wa uwanja wa Vendôme. Boutin aliuawa kwa gilotini mwezi wa Julai 1794, na katika mwezi huo huo akauawa Bibi Chalgrin, yule aliyefika wa kwanza na kusukwa nywele kabla ya wote. Si haki kusema kwamba waliuawa kwa ajili ya chakula kile. Hakuna hukumu iliyokitaja. Walihukumiwa kama watu wa tabaka fulani, na uvumi wa namna ile ulikuwa umekwisha kuwazoeza raia kulitazama tabaka hilo kwa jicho moja tu.

Ukale wenyewe haukufa pamoja na waliouchezea. Ulihama meza. Viongozi wa Mapinduzi waliapa kwa majina ya Brutus na Sparta, na wakati wa utawala wa Direktwari, kati ya 1795 na 1799, wanawake wa Paris walivaa hadharani magauni meupe ya Kigiriki. Vazi ambalo mwaka wa 1783 lilikuwa kashfa likawa mtindo wa mji.

7. Hitimisho

Je, lililosemwa lilikuwapo? Kuhusu bei, halikuwapo. Mwenyeji alikuwa na haki ya kulikana, naye alilikana hadi uzeeni. Kuhusu umbali kati ya meza ile na foleni ya mkate, lilikuwapo, wala faranga 15 haziufuti. Kuhusu hasira iliyokuwa njiani, lilikuja.

Msomaji wa Kongo hana haja ya kwenda Paris ili alielewe jambo hili. Katika miji ya nchi hii, tangu miaka ya Zaire, habari zinazopita mdomo kwa mdomo zimepewa jina la radio-trottoir, redio ya kando ya barabara. Mwanahistoria Stephen Ellis, katika makala yake ya 1989, alionya kwamba redio hiyo haifai kudharauliwa kama umbea tu, kwa kuwa ndiyo mazungumzo ya umma juu ya mambo ya umma. Onyo hilo lafaa pia kwa Ufaransa ya 1788. Mtafiti akisikia kwamba harusi fulani au karamu fulani iligharimu kiasi kisichosadikika, ana kazi mbili, na moja haimwondolei nyingine. Ya kwanza ni kuitafuta bei ya kweli, kwa ajili ya haki ya anayesemwa. Ya pili ni kuuliza daftari lipi lilifungwa hata wasemaji wakalazimika kukisia.

Bibi Vigée Le Brun aliifanya kazi ya kwanza kwa uaminifu. Kwa miaka karibu 50 alikumbuka kuku, samaki, mboga, keki na chupa moja ya divai. Bei ya mkate mwaka ule hakuiandika.